Unga unaofanya kazi nusu saa, ndani kuna nini?

Mfamasia wetu anajibu barua za wasomaji. Majina tumeyaacha, wengi mmeomba ivo na tunawaelewa.

Mwezi huu nilikua nimepanga kujibu maswali ya malaria na dawa za minyoo, lakini meseji zilizoingia karibu zote ni za jambo moja, nguvu za kiume na zile dawa "za asili" zinazouzwa kila mahali kuanzia taksi paki mpaka saluni, basi minyoo ingoje kwanza. Nimechagua barua chache, zingine nimezifupisha maana kuna bwana alinitumia voisi ndefu kama hotuba ya msiba, ndugu yangu nakuomba uandike tu.

Habari Daktari. Mi ni mtu wa boda hapa Busia, miaka 34, nina bibi na watoto. Kuna kapakiti ka unga kanauzwa hapa mpakani, kameandikwa miti shamba asilimia 100, hakana madhara, unakoroga na soda ama maji ya moto, elfu tano. Kwa kweli kanafanya kazi, nusu saa tu mambo iko sawa. Lakini baadaye kichwa kinagonga mpaka asubuhi, uso unakua moto, pua inaziba kama mafua, na juzi usiku niliona taa za magari kama zina bluu bluu. Mwenye kuniuzia anasema iyo ni dawa inasafisha mwili. Ni kweli?

Hapana kaka, hakuna kitu kinasafishwa hapo. Kichwa kugonga, uso moto, pua kuziba, alafu hiyo bluu, hayo manne uliyoandika ni kama umeyanakili kutoka kwa karatasi inayokuja ndani ya boksi la sildenafil. Sildenafil ndo dawa yenyewe iliyo ndani ya Viagra. Watu wa Pfizer kule Uingereza walikua wanaitafuta kwa ajili ya maumivu ya kifua ya wagonjwa wa moyo, ikaonekana inafanya kazi ingine, na Marekani ikaruhusiwa mwezi wa 3 mwaka 1998. Inafungua mishipa ya damu, na haichagui mshipa mmoja tu, ndo maana uso unapata moto na pua inaziba. Ile bluu inatoka kwa jicho, kwa sababu dawa inagusa pia kitu kule nyuma ya jicho kinachofanana na kile inacholenga huko chini. Sasa niambie, ni mzizi gani wa porini unafanya yote hayo kwa nusu saa na kwa mpangilio uleule wa kidonge cha kizungu?

Bila maabara siwezi kuapa kapakiti kako kana nini. Lakini nikiona unga umeandikwa asili tupu na unafanya kazi upesi kama kidonge, mi nachukulia kidonge kimo ndani mpaka mtu anionyeshe hakimo. Kwa wanaouza ni biashara rahisi sana. Sildenafil ya unga inanunuliwa kwa kilo, ni bei ya chini, unasaga maganda ya mti wowote ule yanayoleta rangi na uchungu kidogo, unachanganya, unafunga, unabandika picha ya simba ama ya farasi. Mteja akisikia uchungu mdomoni anaamini ni mti. Lakini nani alipima? Mtu na beseni na kijiko. Dawa halisi inakuja ya miligramu 25, 50 ama 100, na 100 ndo mwisho kwa siku nzima. Katika beseni, upande mmoja unga wa dawa unaweza kuwa umerundikana na upande mwingine hakuna kitu, kwa hiyo pakiti ya leo inaweza kukuacha vilevile, ukaona imelala, kesho ukakoroga mbili kwa pamoja na hizo mbili zikawa zimebeba dozi ya watu watatu.

Na saa ingine si ata sildenafil yenyewe. Kuna watu wa kemia wanaichukua wanaibadilisha kidogo, wanaongeza kitu hapa wanatoa pale, ili ikipelekwa maabara vipimo vya kawaida visiikamate. Hizo dawa-ndugu hazijawahi kujaribiwa kwa binadamu, hakuna anayejua dozi yake wala zinafanya nini kwa ini na figo. We ndo unazijaribu, na unalipia elfu tano.

Usifikiri ni mambo ya Busia tu. Mwisho wa mwaka 2018 mtu mmoja hapa Uganda alilalamika kwamba amekunywa kinywaji cha kuongeza nguvu cha kutoka Ndola, Zambia, jasho likamtoka bila kukoma na uume ukasimama karibu masaa 6. NDA, hii mamlaka yetu ya dawa, ikapima kile kinywaji ikakuta sildenafil ndani, na mapema 2019 Zambia wenyewe wakapima wakakuta hivyo hivyo, ikabidi kiondolewe sokoni. Hicho kilikua kinywaji cha dukani, mtu anakunywa kama soda tu. Marekani nako, kati ya 2007 na 2016 walikuta bidhaa 776 za kula za "virutubisho" zenye dawa zilizofichwa, na 353 kati ya hizo zilikua za nguvu za kiume, karibu nusu. Mwaka 2022 wakaonya juu ya asali, ndiyo, zile asali za vipakiti vya dhahabu ambazo na hapa Kampala mnapeana kwa harusi, walizipima zingine wakakuta sildenafil na dada yake tadalafil.

Sa hii fanya hivi. Acha huo unga. Kama pakiti moja imebaki usiitupe, weka, ipeleke ofisi ya NDA iliyo karibu ama mpe mfamasia akufikishie. Pima presha. Na kama umekunywa na unaona bluu, tafadhali usipande boda usiku huo, una abiria nyuma.

Daktari, mi ni mama wa miaka 52, naandika kutoka Mbale. Mzee wangu ana 60, ana presha na moyo, hospitali walimpa vidonge vya kuweka chini ya ulimi kifua kikimbana. Wiki iliyopita nikifua koti lake nikakuta kapsuli nne zimefungwa kwa karatasi ya gazeti, hazina jina, nyeusi na nyekundu. Nikimuuliza anasema ni za mgongo. Mi si mtoto, najua si za mgongo. Nifanyeje bila kuleta vita nyumbani?

Nyabo, nimeisoma barua yako kabla ya zingine zote na nilikupigia kwa ile namba uliyoacha, lakini naijibu hapa pia kwa sababu najua nyumba zingine nyingi ziko ivo ivo.

Vile vidonge vya chini ya ulimi ni vya kundi la naitreti. Kuna pia vya kumeza vya isosobaidi, ni familia moja. Kazi yake ni kufungua mishipa ili moyo upumue. Sildenafil na tadalafil nazo zinafungua mishipa, tena kwa mlango uleule: naitreti inaleta kitu kinachofungua mshipa na sildenafil inazuia mwili kukivunja kile kitu, kwa hiyo mishipa inafunguka bila breki na presha inaporomoka. Mtu anakua amelala na mke wake, kifua kinabana, anaweka kidonge chake chini ya ulimi kama alivyofundishwa vizuri tu na hospitali, na baada ya dakika chache haamki. Watu mtaani wanasema amefia juu ya mwanamke, mke anabeba aibu, na hakuna anayeuliza mfukoni kulikua na nini.

Kwa hiyo jambo la kwanza si ugomvi, ni hili: kama amemeza kapsuli ile na kifua kikambana, USIMPE kidonge cha chini ya ulimi, mpeleke hospitali mara moja na useme wazi wazi kwa daktari, "mzee amemeza dawa ya nguvu za kiume, saa fulani." Sema ata kama watoto wako hapo, ata kama mkwe yuko hapo. Daktari akijua atatumia njia ingine, asipojua atampa ile ile naitreti kwa sindano. Baada ya sildenafil lazima masaa 24 yapite kabla ya naitreti, na baada ya tadalafil masaa 48, na kwa kuwa kapsuli haina jina tunachukua ile ndefu.

Sasa kuongea naye. Mi si ssenga, yule shangazi wa kufunda watu mambo ya ndoa, lakini miaka niliyosimama kwa kaunta imenifundisha kitu, mzee ukimwambia "nimekuta dawa zako" atajilinda, atasema za mgongo, atazihamisha zikalale kwa rafiki. Usianze na kapsuli. Mwambie wanachunguza dawa zake zote kliniki ya moyo na wanataka abebe kila anachomeza, ata za kienyeji, ata za mgongo, weka kwa mfuko mmoja. Hiyo si uongo, ukiwauliza watakwambia ndiyo walete zote. Pale aongee na daktari mwanaume kama iyo itamrahisishia, wewe ukae nje. Mficha uchi hazai, wazee wetu walisema, na huyu anaficha mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kuuona.

Na mwambie kitu kimoja cha kumpa moyo: dawa zingine za presha zenyewe ndo zinaleta hilo tatizo, hasa baadhi ya zile za kukojoza maji na zile kama atenolo na propranolo. Daktari anaweza kumbadilishia. Asiziache mwenyewe.

Shemeji yangu, kijana wa miaka 29 wa Jinja, alikutwa chumbani amezimia, jasho limelowesha shuka, hospitalini wakasema sukari imeshuka sana wakamwekea dripu ya glukosi akaamka. Hana kisukari. Kwenye meza kulikua na vidonge vya nguvu za kiume vya kienyeji. Daktari alisema pengine alilala njaa na pombe. Vidonge vinaweza kushusha sukari?

Swali hili ni zuri na watu wengi hawalijui, ata wenzangu wengine wa kaunta.

Sildenafil haishushi sukari ivo. Pombe na njaa inaweza, daktari hakukosea kufikiria ivo. Lakini kuna jambo lilitokea Singapore mwaka 2008. Kuanzia mwezi wa 1 mpaka wa 5, watu 150 wasio na kisukari waliletwa hospitali za huko na sukari imeshuka vibaya. 7 walibaki hawana fahamu na 4 kati yao wakafa. Madaktari walihangaika, mwisho wakapima damu wakakuta glibenklamaidi, ile dawa ya kisukari ambayo na hapa kwetu iko kila kituo cha afya. Ilitoka wapi? Ilikua imeingia ndani ya vidonge vya magendo vya nguvu za kiume, vikiwemo vilivyoandikwa ni vya mitishamba. Pengine mashine iliyotengeneza dawa ya kisukari asubuhi ndo ilitengeneza hizo jioni bila kuoshwa, ama mtu alichanganya magunia ya unga, hayo nakisia tu mi. Na kati ya wale wote, waliokubali mbele ya daktari kwamba walimeza dawa za kitandani hawakufika ata nusu. Mtu yuko kitandani sukari imeisha mwilini na bado anaona haya.

Kwa hiyo ndiyo, inawezekana. Siwezi kusema kwa shemeji yako ni ivo. Chukua vile vidonge, vipeleke kwa daktari aliyemhudumia na umwambie neno glibenklamaidi, pia NDA. Na uangalie sana: sukari ikishushwa na dawa hii inaweza kurudi kushuka tena baada ya masaa kadhaa ata kama mtu ameamka na anacheka, ndo maana mgonjwa kama huyo haruhusiwi kwenda nyumbani mapema akikazana "niko sawa, niko sawa".

Afande hapa, kaskazini, sitaji kambi. Niko kwa ARV mwaka wa 9 sasa, virusi havionekani kwa kipimo. Vijana kambini wanatumia kapsuli fulani ya Kichina ya mitishamba wanasema haina shida. Mi naweza?

Afande, kwanza hongera kwa hiyo damu yako, miaka 9 si mchezo.

Jibu linategemea unameza nini. Wengi sasa wako kwa kile kidonge kimoja chenye dolutegravia, hicho hakigombani sana na sildenafil. Lakini kama ulihamishwa mstari wa pili, yaani ulibadilishiwa zile ARV za kuanzia, na miaka 9 inawezekana, angalia kopo lako kama limeandikwa ritonavia, iwe na atazanavia, lopinavia ama darunavia. Ritonavia inalifunga ini lisivunje dawa zingine, ndo kazi iliyowekewa. Utafiti uliwahi kuonyesha kwamba ikikutana na sildenafil, ile sildenafil kwenye damu inapanda mara 11. Mtu wa ritonavia akiandikiwa sildenafil na daktari anapewa miligramu 25 na asirudie mpaka masaa 48 yapite. Sasa wewe unameza kapsuli ambayo haikusema ina nini, tuseme ina 100, mwili wako unaiona kama elfu moja na kitu. Presha inaanguka, unaanguka nayo, na kwa vile una bunduki mkononi sitaki kufikiria zaidi.

Vijana wa kambini hawana shida kwa sababu hawamezi unachomeza wewe. Ongea na mshauri wa kliniki yako ya ARV, anaulizwa hilo swali kila wiki, hatashtuka. Na usiache ARV ili kumeza kapsuli, najua kuna wanaofanya ivo wikendi, afande huo ni upuuzi.

Niko kampasi Kampala, 22, sina shida yoyote huko chini, nataka tu kuwa na nguvu zaidi siku nikiwa na demu mpya. Kuna tatizo?

Kama haina shida unatengeneza nini? Dawa hizi haziongezi urefu wala hamu, zinasaidia damu kwa mtu ambaye damu haifiki. Kwa kijana mzima unaweza kupata kichwa, aibu ya kutapika, na mazoea ya akili, maana ukishazoea kumeza siku usipomeza unaogopa na ile hofu yenyewe ndo inailaza.

Jambo moja la kushika: ukimeza kitu chochote na uume ukasimama zaidi ya masaa 4 haulali, ukiwa na hamu ama huna, hiyo ni dharura, unaenda hospitali usiku huo huo, si kesho baada ya lekcha. Damu iliyokwama inakosa hewa na nyama ya ndani inaanza kufa, mwishowe hausimami tena maisha yako yote. Na kama una sikoseli ndo kabisa usijaribu, wenye sikoseli inawapata ata bila dawa. Hapa Uganda tuko wengi wenye hiyo damu, kuna watu wamefika kampasi hawajui hali yao, pima.

Mimi ni mama muuza dawa za kienyeji hapa Arua, nilirithi kwa mama yangu. Nauza mulondo, mizizi, maganda, naenda mwenyewe porini ama naletewa na watu ninaowajua. Sasa kuna vijana wanakuja na unga umesagwa tayari, wanasema changanya kijiko kimoja kwa mulondo wako, wateja watarudi mbio. Jirani yangu alikubali na sasa foleni iko kwake. Wateja wangu wanasema ya kwangu imeisha nguvu. Nifanye nini, watoto wanasoma.

Mama, barua yako ndo imenifanya niandike kurasa hizi zote. Asante kwa kuuliza kabla ya kuchanganya.

Huo unga wa vijana ndo ile habari ya Busia iliyo hapo juu. Hawakwambii jina lake kwa sababu wakikwambia utaogopa. Na angalia wanavyofanya: wao hawauzi kwa mteja, wewe ndo unauza. Mzee akianguka, familia inakuja kwa meza yako, si kwao, wao walishavuka mpaka. Sheria nayo iko hivyo, sheria ya dawa ya mwaka 1993 iliyounda NDA inamshika anayeuza, na kuuza dawa ya hospitali bila leseni, tena imefichwa ndani ya mzizi, hakuna namna ya kujitetea utasema mi ni mganga wa kienyeji.

Mulondo wenyewe sina neno baya nao. Mondia whitei wanauita wa sayansi, Waganda wanatafuna tangu zamani, una harufu ile tamu ya vanila kidogo ukiuvunja, watu wanatia kwa chai. Unaleta hamu ya kula, unampa mtu furaha yake. Lakini haukuwahi kufanya kazi kwa nusu saa na mama yako hakuwahi kumwambia mtu ivo. Tatizo ni kwamba jirani amebadilisha kipimo, sasa mzizi wa kweli unaonekana dhaifu mbele ya mzizi wenye Viagra, na mteja hajui analinganisha nini na nini. Hilo linanikasirisha kuliko yote, kwa sababu wanaoharibu jina la miti shamba si wazungu wala sisi wa famasi, ni wenzenu hao wa beseni.

Fanya hivi mama. Uza mzizi mzima, usiosagwa, mteja auone, aunuse, auvunje mwenyewe, hakuna anayeweza kuficha kidonge ndani ya mzizi mzima. Mwambie mteja kwa mdomo wako, "wangu hauna unga wa vijana." Wengine wataenda kwa foleni, ndiyo. Lakini wazee wenye presha ambao kichwa kiliwagonga kule watarudi, na hao ndo wanunuzi wa kila mwezi. Kama unataka kufunga na kubandika lebo, pitia NDA kwanza uulize wanataka nini ili bidhaa ipate namba, na ile taasisi ya serikali ya utafiti wa dawa za asili iko Wandegeya, kazi yao ni kupima vitu kama vyako, waulize. Ni safari ndefu kutoka Arua na karatasi ni nyingi, sikudanganyi. Kuhusu jirani, najua kumshtaki mtu mnayeshiriki maji ni kazi ngumu. Anza kwa kumsomea ile habari ya mama wa Mbale. Akiendelea, ripoti, na huhitaji kutaja jina lako.

Mfamasia, bora ninunue Viagra yenyewe ya famasi niache haya ya mtaani? Mzee wa 61, Kasese.

Bora, ndiyo, kwa maana ya kwamba jina liko kwa boksi na dozi iko kwa boksi, na kuna sildenafil za kampuni zingine za bei nafuu si lazima iwe Viagra. Lakini mzee, si ya kununua kama Panadol. Kwa umri wako ukiwa na afya kwa kawaida tunaanzia 50, na kabla ya hapo nataka kujua vitu.

Mishipa ya huko chini ni myembamba kuliko ya moyo, milimita 1 mpaka 2, ya moyo ni 3 mpaka 4. Uchafu ukianza kuziba mishipa ya mwili, ile myembamba inaonyesha mapema, saa ingine miaka 2 mpaka 5 kabla ya kifua kuuma. Kwa hiyo kusimama kukianza kupungua pole pole, pengine moyo ndo unatuma ujumbe, na mtu anayeuficha kwa unga wa elfu tano anaukata huo ujumbe. Kisukari pia kinaanza ivo kwa wengi, anakojoa sana usiku, ana kiu, anafikiri ni uzee.

Nenda kituo cha afya, daraja la tatu inatosha kuanza, huduma ya serikali ni bure toka 2001 ingawa saa ingine utaambiwa kipimo kimeisha urudi Jumanne, rudi Jumanne. Omba presha na sukari. Waambie kama unakojoa kwa shida, maana dawa zingine za tezi dume, kama doksazosini na tamsulosini, nazo zikikutana na sildenafil zinashusha presha, ukisimama kutoka kitandani unaanguka. Waambie pombe unakunywa kiasi gani, na waragi ihesabu kama pombe mzee, si maji. Kama kuna kitu cha pakiti unameza sasa, chochote, beba pakiti yenyewe mfukoni uiweke mezani kwa daktari, huna haja ata ya kuieleza, ataisoma. Barua zingine zilizobaki, pamoja na ile ya minyoo, tunazijibu toleo lijalo.